Mwalimu Jairus na Wake Walioachwa

Swali lililomvuruga Mwalimu Jairus Barasa liliulizwa na mtu mpole, aliyekaa kwenye benchi la darasa la ubatizo pale Sirisia akikwangua matope miguuni kwa kijiti. Ilikuwa mwaka wa 1950, mvua za kwanza zimeshaanguka. Mtu huyo aliitwa Kimaiyo, mkulima kutoka miteremko ya Mlima Elgon, na alikuwa amehudhuria darasa miaka miwili bila kukosa.

"Mwalimu," alisema, "mimi nimekubali yote. Pombe nimeacha, matambiko nimeacha. Lakini hii ya wake imenishinda. Unasema nibaki na mmoja. Wote wawili wako hapo nje. Toka tu unionyeshe kwa kidole yule wa kufukuza, nami nitamfukuza leo."

Hakuwa akifanya mzaha. Jairus alifunga kitabu, akaenda mlangoni. Wake wawili wa Kimaiyo walikuwa wamekaa chini kando ya ukuta. Yule mkubwa alikuwa amempakata mtoto wa yule mdogo, anamtoa funza kwa sindano, na mdogo ameushika mguu wa mtoto usirukeruke. Waliinua nyuso wakamwangalia mwalimu, wakingoja.

Mkono wa Jairus haukuinuka. Alisimama pale mpaka wanafunzi ndani wakaanza kunong'onezana. Mwishowe akasema, "Nendeni nyumbani, nyote watatu. Nitawaita."

Sheria ilikuwa ya misheni, wala si yeye aliyeitunga. Mwanamume mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka abaki na mke mmoja. Walimu wengine waliitekeleza kimyakimya, mume na ndugu zake wakamalizana nyumbani. Jairus ndiye aliyeileta mbele ya watu. Mwaka wa 1931 alikuwa na miaka ishirini na minne, sauti kubwa, na bidii ya kijana ambaye hajawahi kukosea jambo akalijua. Jumapili moja alimsimamisha Wakhungu, mkulima aliyeheshimika, pamoja na wake zake Agneta na Nasimiyu. Akamwita Nasimiyu mbele, akamwonyesha mlango, akawaambia watu: "Leo dhambi imetoka katika nyumba ya Wakhungu." Kanisa zima likaimba. Nasimiyu, msichana wa miaka kumi na tisa hivi, alitoka na mtoto mgongoni. Hakulia. Alipofika mlangoni aligeuka akamtazama Jairus, kama mtu anayetaka kuikumbuka sura fulani, halafu akaenda zake.

Baada ya huyo walifuata wengine kumi.

Jioni ile, siku ya swali la Kimaiyo, Jairus alimsimulia mkewe Peris yaliyotokea. Peris alikuwa akichambua mboga. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nasimiyu nilikuwa nachota maji naye," alisema. "Siku ile ulipomfukuza na mimi niliimba. Nikafika nyumbani chakula kikakataa kushuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesikia?" Peris aliendelea na mboga zake. "Watu wanasema yuko karibu na Kitale, shamba la mzungu, ukishapita Kiminini. Nenda umtafute, Baba Ezra. Ukikaa hapa utajiombea msamaha wewe mwenyewe, na utaupata haraka sana."

Akaenda. Alipanda baiskeli hadi Kimilili, akalala kwa mwalimu mwenzake kule Kamukuywa, na kesho yake akaendelea polepole kwenye barabara ya udongo, tope likijaa kwenye magurudumu. Njia nzima alipanga maneno. Alikuwa na hotuba yenye Maandiko matatu ndani yake. Chini ya hotuba hiyo kulikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba angemkuta Nasimiyu amekufa. Ya pili ni kwamba angemkuta hai.

Hofu ya kwanza iliisha langoni. Nyapara wa shamba, mtu mrefu aitwaye Rotich, alisikia jina akakunja uso, kisha akauliza, "Nasimiyu yupi? Yule wa maombi?" Akaonyesha kwa kidevu upande wa laini za wafanyakazi, nyumba za nyasi zilizopangwa mistari miwili nyuma ya ghala la mahindi.

Jairus aliikokota baiskeli kuelekea huko.

Alikuta wanawake wawili wamekaa juu ya gunia, wanapura maharage kwa fimbo. Mmoja alikuwa Mkikuyu aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani. Wa pili alikuwa mnene, ametulia, mvi zimeanza kwenye nywele za mbele. Huyo wa pili aliinua uso, akamtazama mgeni kwa muda.

"Wewe ni Jairus," alisema. "Umekonda."

Hotuba ikapotea yote na Maandiko yake. Jairus alikaa chini pale pale kwenye maganda ya maharage, mtu mzima na koti lake la kanisani, akasema, "Mama, nilikukosea. Nimekuja kusema nilikukosea."

Nasimiyu aliweka fimbo chini. Mwenzake alitaka kuinuka awapishe, lakini Nasimiyu akamgusa goti, abaki.

"Nilienda kwa kaka yangu kule Malakisi," alianza. "Akasema nyumba yake ni ndogo. Nikapata lori la tumbaku, likanishusha Bungoma, nikatembea mpaka huku. Mtoto aliugua njiani, lakini alipona. Sasa ameolewa, ana watoto. Nilikukasirikia miaka minane, Jairus. Jambo lile nilikuwa naamka nalo na kulala nalo. Halafu siku moja nikaona linanichosha mimi, wewe huko hata hujui. Nikaacha."

"Uliacha hivi hivi?"

"Nilimwambia Mungu achukue. Nilikuwa na mahindi ya kupalilia." Akatabasamu kidogo. "Lakini nisikilize. Kutoka kwa Wakhungu si kosa kubwa. Labda hata ningetoka mwenyewe, alikuwa mtu wa kununa. Kosa ni kwamba uliniita dhambi. Uliniita dhambi mbele ya watu, na mtoto wangu akiwa mgongoni anasikia. Hapa kwa maharage umekuja kulifuta, na mimi nimekusamehe kitambo. Lakini watu wale hawako hapa. Rudi ukawaambie wao."

"Nitawaambia."

"Watakufukuza."

"Pengine."

"Basi utajua njia ya kuja Kitale," Nasimiyu alisema, na yule mwenzake akacheka, na Jairus, bila kutarajia, akacheka pia. Alikuwa hajasikia kicheko chake mwenyewe tangu mvua zianze.

Mwanamke yule mwingine aliitwa Wacera. Watu wake walikuwa wametoka Nyeri kutafuta mahali pa kulima. Alimletea Jairus bakuli la githeri, mahindi na maharage ya kuchemsha, na chai ya maziwa, akamsimulia wakati Nasimiyu ameingia ndani kutafuta kigoda. "Huyu hajabatizwa," alisema. "Mwinjilisti akija anakaa nje ya dirisha, kwa sababu ameambiwa yeye si mtu wa ndani. Lakini mtoto wa mtu akishikwa na homa hapa, haitwi mwinjilisti. Anaitwa yeye, mtoto awe wa Mkikuyu, awe wa Mnandi. Mimi nilizaa pacha wawili mikononi mwake akiomba."

Jairus alikula githeri yote. Alikuwa na njaa ya siku tatu.

Aliporudi Sirisia, kabla ya Jumapili alikwenda kwa Wakhungu, kwani haingekuwa haki mzee huyo asikie jambo lake kanisani kama mgeni. Wakhungu alikuwa sasa mzee wa kanisa, na aliposikia alikasirika hata akagonga fimbo chini.

"Unataka kunivua nguo mbele ya wajukuu wangu," alisema. "Wewe ulisema tufanye, tukafanya. Leo unakuja na neno lingine."

Agneta, mkewe aliyebaki, alikuwa jikoni. Akatoka akifuta mikono.

"Mwache aseme, Mzee," alisema. "Nasimiyu alikuwa ananisaidia kulima. Nilipougua ndiye alinipikia. Akaondolewa, nikabaki na shamba lote peke yangu, na watu wakaja kunipa mkono ati nimeshinda. Nilishinda nini?"

Wakhungu aliangalia shamba lake la mahindi, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba Jumapili atakaa benchi lake lile lile la mbele, hatajificha.

Jumapili ilipofika Jairus alisimama, akasema kwa maneno machache. Alisema kwamba mwaka wa 1931, mahali hapa, alimwita binti wa watu dhambi, na kwamba aliyetenda dhambi siku ile alikuwa yeye. Alitaja majina ya wanawake wote kumi na mmoja. Alisema hatamwonyesha mlango mwanamke mwingine tena, wala hatamwambia Kimaiyo achague. Kisha akakaa. Hakuna aliyeimba. Wazee walikutana chini ya paa la mabati bila hata kuondoka kanisani, wakamsimamisha ualimu na meza ya Bwana mpaka baraza la makanisa likae Kanduyi.

Wiki tatu za kungoja zilimshangaza. Alidhani angezipitia kwa mateso. Badala yake alijikuta akitengeneza ua lililokuwa limeanguka tangu mwaka juzi, akiimba. Peris alimwambia jirani kwamba mume wake amefukuzwa kazi na amekuwa mtu wa kufurahisha nyumbani, mambo ambayo hakuyategemea pamoja.

Siku ya baraza, wawakilishi wa makanisa manane waliketi katika chumba cha shule. Mwenyekiti alikuwa Mchungaji Zachary, mtu mkavu, mfuata taratibu, ambaye kwa miaka yote hakuna aliyemsikia akibadili ratiba ya ibada, sembuse sheria. Jairus alipomwona mezani alijua mambo yamekwisha. Hata hivyo alisema aliyokuja kusema. Mwanamke ambaye tayari ni mke wa mtu asifukuzwe. Akiamini, abatizwe yeye kama yeye. Mume abatizwe, ila asioe tena, na asiwe mzee wa kanisa.

"Toka nje, Mwalimu," Zachary alisema. "Tutakuita."

Alipotoka alikuta uwanja wa shule una wanawake. Walikuwa saba kati ya wale kumi na mmoja, wengine kutoka Malakisi, wengine kutoka nyuma ya Kimilili. Agneta alikuwa amewatafuta mmoja mmoja. Na kutoka barabarani walikuwa wakija Nasimiyu na Wacera, vumbi la lori la mahindi limewapaka hadi kope.

"Maharage yameisha," Nasimiyu alisema, kana kwamba hiyo ndiyo sababu pekee.

Waliomba kuingia. Mlinzi wa mlango alikataa, lakini sauti ya Zachary ikasema kutoka ndani, "Waache." Waliingia wakasimama ukutani. Hawakuhutubu. Kila aliyefukuzwa alitaja jina lake, na mwaka aliotolewa kanisani. Jairus alisikia kutoka dirishani. Walipomaliza akasikia kiti cha mwenyekiti kikisukumwa nyuma.

"Mama yangu alikuwa mke wa tatu," Mchungaji Zachary alisema. Sauti yake haikuwa ya mikutano. "Alikataliwa ubatizo mara nne. Alipokuwa anakufa nilimbatiza mwenyewe kwa maji ya kikombe, mlango umefungwa. Ni miaka kumi na miwili. Sijamwambia mtu, hata mke wangu. Kila nikisimama mbele yenu kusoma sheria hii najua nilishaivunja. Ndugu zangu, nimechoka kuwa mwongo."

Akakaa, akatoa leso. Mjumbe wa Chwele, mzee sana, akasema taratibu kwamba hata yeye ana dada aliyefukuzwa hivyo hivyo.

Si wote waliokubali. Wawili walichukua kofia zao wakaondoka, na barua ya misheni ilichelewa miezi mitano, ikaja na masharti yake. Lakini siku ile Kanduyi mikono sita kati ya minane iliinuka, na Jairus alipoitwa ndani kusikia uamuzi alishika mgongo wa kiti. Zachary alimwangalia kwa macho mekundu, mepesi, kama ya mtu aliyetua gunia.

Ubatizo ulifanyika mwaka uliofuata, mtoni, maji yakiwa baridi kutoka mlimani. Kimaiyo aliingia kwanza, kisha wake zake wawili wameshikana mikono, kwa sababu mdogo aliogopa maji. Nasimiyu alipofika, Zachary alimwuliza amechagua jina gani la ubatizo.

"Hili nililo nalo," alisema. "Mungu ameshalizoea."

Zachary alifikiri. Hakukuwa na utaratibu wa jambo hilo. Akambatiza kwa jina la Nasimiyu.

Alipotoka majini Wakhungu alikuwa amesimama ukingoni, kofia mkononi, akamsalimu kwa heshima, akaomba radhi kwa maneno yasiyozidi matano. Nasimiyu alimwitikia vizuri, akamuuliza habari za miguu yake, kisha akapita kwenda kwa Agneta, ambaye alikuwa amembebea shuka kavu. Wale wawili wakakaa pembeni wakiwa na sufuria ya wali, wakaongea kama watu waliokatizwa katikati ya sentensi.

Jairus alikuwa majini asubuhi nzima akiwashika mkono waliobatizwa. Alitoka ameloa hadi kiunoni, akakaa kwenye majani juani ili akauke, huku watu wakila na watoto wakipiga kelele. Peris alipomletea sahani alimkuta amelala usingizi mzito, mdomo wazi. Akamfunika uso kwa kanga yake jua lisimuunguze, akala yeye ile sahani.