Nusu Mzunguko

Niliiteremsha baiskeli ya mkunga kwenye mteremko ulio nyuma ya karakana, nikabana breki ya nyuma taratibu, na kabla gurudumu halijasimama nikausikia mtetemo. Ulianzia kwenye diski, ukapanda na fremu, ukaingia kwenye siti na kuishia mgongoni mwangu. Haukuwa mdogo. Ulikuwa kama mtu anayetingisha meza kwa goti huku uso wake umetulia.

Kaka yangu alikuwa amesimama juu, mikono mfukoni. Muda mfupi kabla yangu alikuwa ameiendesha baiskeli hiyohiyo, mteremko huohuo, akarudi akasema haina kitu.

Mkunga alikuwa amekuja mara tatu. Mara ya kwanza kaka alisugua pedi za breki kwa msasa na kuifuta diski kwa spiriti. Mara ya pili alipitia bolti zote kwa spana, moja baada ya nyingine, akasema zimekaza. Mara ya tatu mama yule alikuja akiikokota, mkoba wa kazi begani.

"Fundi," alisema, "mimi kazi yangu ni kusikia visivyoonekana. Nakwambia hii inatetemeka. Juzi nimeitwa kwa mzazi, nikaenda kwa miguu kwa kuiogopa."

Alipoondoka, kaka alitikisa kichwa. "Huyu mama amezoea watoto wa tumboni. Kila kitu anakisikia kinacheza."

Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi, na ndicho ninachokikumbuka kuliko mengine yote ya asubuhi ile. Kisha nikaichukua baiskeli, kwa ukaidi tu, nikashuka nayo mteremkoni.

Nilikuwa na miaka tisa katika kazi hiyo, yote chini yake. Wateja walimwita Kipimo, kwa sababu hakuwahi kutumia spana ya kupimia nguvu. Ilining'inia ukutani ndani ya mfuko wake wa plastiki, haijafunguliwa. "Bolti itakwambia yenyewe ikishiba," alikuwa akinifundisha, na kwa miaka mingi zilimwambia kweli.

Niliporudi sikumwambia nilichosikia. Nilisema naiangalia kidogo, naye akaenda kuzungumza na jirani yetu, fundi cherehani.

Niliipandisha stendi. Nikazungusha gurudumu: diski ilipita katikati ya pedi bila kuyumba. Nikalishika gurudumu na kulisukuma kushoto na kulia. Beringi hazikucheza. Spoki zilikuwa sawa. Nikatafuta ufa kwenye maungio ya fremu kwa tochi, sikuuona. Mwishowe nikaweka kidole pale breki inapoungana na fremu, nikabana kwa mkono mwingine na kulisukuma gurudumu mbele. Breki yote ikasogea. Kiasi cha unene wa ukucha, lakini ilisogea.

Bolti zinazoishikilia ni mbili. Nilitia spana kwenye ya kwanza, ikaenda nusu mzunguko ndipo ikauma. Ya pili vivyo hivyo. Nilishuka tena mteremkoni, nikabana, na baiskeli ikasimama kimya.

Ningeweza kuishia hapo. Kaka angeamini mama yule alikuwa na wasiwasi wake tu, mkunga angepata baiskeli yake, na mimi ningekuwa napita kimyakimya nyuma ya kila kazi aliyoifanya. Nililifikiria jambo hilo vizuri, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Halafu nikazilegeza bolti zote mbili, nusu mzunguko, kama nilivyozikuta.

"Kaka, njoo unikazie hizi."

Alikuja, akainama, akakaza. Nilimtazama vidole. Vilishika spana kwa mpangilio uleule wa siku zote. "Tayari," alisema.

Niliichukua spana mkononi mwake, nikaitia kwenye bolti, nikaizungusha mbele ya macho yake. Nusu mzunguko. Kisha ya pili.

Akavitazama viganja vyake, akavifuta kwa tambara ingawa havikuwa na grisi.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Vikombe vilianza. Vilikuwa vinanitoka, nikasema siku hizi wanatengeneza vikombe vibovu." Akalikunja tambara. "Wifi yako akanunua vya plastiki. Hakuuliza."

"Na mtetemo ule? Hukuusikia hata kidogo?"

"Niliona mkono wa breki unacheza. Nikasema ni barabara." Akaketi kwenye ile ndoo. "Mdogo wangu, nimekaza za nani wengine?"

Zilikuwa baiskeli kumi na tisa tangu mvua ziishe. Tuliwaita wenyewe wote. Aliyepokea kila baiskeli alikuwa yeye, naye akamwambia kila mwenye baiskeli sababu kwa maneno yaleyale: mikono yangu imekufa ganzi, sikukuambia kwa sababu sikutaka kujua. Kumi na moja zilikuwa zimelegea mahali fulani. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuwa ameshaanguka na kuvunjika jino, akidhani ni uzembe wake mwenyewe. Kaka alimfuata nyumbani peke yake. Sijui walizungumza nini. Alirudi baada ya saa mbili, akaniomba niitoe ile spana kwenye plastiki.

Leo karakana naiendesha mimi. Yeye hukaa mlangoni, hupokea wateja na kuwahoji maswali marefu mpaka wanachoka, na mara nyingi akimaliza huwa ameshajua ugonjwa uko wapi. Mkunga bado huja. Alipoelezwa ukweli siku ile alimtaka kaka anyooshe mikono, akaipapasa kidole kwa kidole, kisha akamwandikia jina la daktari kwenye kipande cha boksi.

Tulikwenda watatu: yeye, wifi na mimi. Daktari alimwambia aweke mikono mezani, afumbe macho, na aseme "ndiyo" kila akisikia ncha ya sindano. Kaka alifumba macho. Chumba kikawa kimya muda mrefu.

"Anza tu, daktari," alisema. "Mimi siogopi sindano."

Wifi aligeukia dirishani. Daktari alikuwa ameshafika kidole cha nne.