Mti Uliokasirishwa Chupani

Chupa zilianza kusikika zikigongana kule nyuma ya mihogo, kabla baiskeli yenyewe haijatokea. Theodosia akaacha kupepeta ulezi.

"Muuza mafuta ya taa huyo," alisema mwanawe Anatoli, aliyekaa kibarazani, mguu mmoja juu ya kigoda.

Kumbe alikuwa Celestini, yule kijana wa Ngara anayefanya kazi maabara huko Dar es Salaam. Alikuwa ameshuka basi Lusahunga, akaazima baiskeli. Miaka sita nyuma, watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, Theodosia alimkatia kipande cha mti wake wa vidonda, kidogo kama ukucha, akauchunguze. Baadaye mahame yake yakafanywa shamba la kijiji, mti ukang'olewa, usionekane tena popote. Naye Anatoli akarudi kutoka vita vya Amini na kidonda ndugu kwenye muundi. Miezi saba sasa, na daktari alikwisha kutaja kuukata mguu.

"Shikamoo, mama. Mti wako uko hai," alisema Celestini, akainua chupa yenye mabonge laini ya manjano. "Hauna jani wala mzizi. Ni chembe hai zake tu. Tunazilisha maji ya sukari, zinazaana."

"Mama, katuletea matapishi ya mtoto," alisema Anatoli.

Theodosia alichovya kidole, akalamba, akatema. "Mwanangu, hii imepooza. Dawa yangu ni chungu, inakukunja uso."

"Ndiyo maana nimekuja. Zinakua, ila dawa hazitoi. Tumeshindwa."

Theodosia alijua sababu. Lakini neno hilo mama yake alimwachia akiwa kitandani anakufa, akamkataza kulitoa nje ya nyumba. Akautazama mguu wa Anatoli. Nzi walikwisha kutua kwenye kitambaa kilichofunga kidonda.

"Mti hauchimbwi ukiwa umetulia," akasema. "Unaukwaruza kwa kisu, unauacha. Siku ya tatu unaukuta umekasirika, uchungu umejaa. Wewe umeulea kwa sukari. Ukasirike kwa lipi?"

Celestini aliigeuza chupa mkononi. "Kuna ukungu unaoshambulia mimea," akasema. "Nikiuua kwa moto, nikatia kidogo chupani, chembe zitadhani zimevamiwa."

"Kama sisi na Amini," alisema Anatoli. "Tulikuwa wapole mpaka alipovuka mpaka."

Celestini alirudi baada ya masika, akiwa likizo, na kichupa kimoja tu cha maji ya chembe zilizotiwa ukungu ule. Theodosia alilamba. Uso ukamkunjamana, machozi yakamtoka, akacheka peke yake. Wakapaka asubuhi na jioni. Wiki ya tatu kidonda kilianza kujifunga kutoka pembeni. Celestini alipopita kuaga, alimkuta Anatoli shambani, amesimama kwa miguu yote miwili, analima.

Theodosia alimshika mgeni mikono. "Asante, mwanangu. Umenirudishia mtoto mzima."

"Asante ni yako, mama. Bila neno lako tungekuwa bado tunafuga mabonge."

"Basi nisikilize. Ninazo dawa nyingine sita ambazo mama alinifunga mdomo nisizitaje. Njoo Agosti na daftari, nitakuonyesha zote. Ukikuta nimekufa, Anatoli atakuonyesha, maana naanza kumfundisha leo."