Dakika Moja ya Kumkumbuka Kamanda

Mimi nimewahi kusimama kimya kuomboleza kifo changu mwenyewe. Ukumbi mzima umeinamisha vichwa, na mimi nimo katikati yao, mzima wa afya, jasho linanitiririka ndani ya helmeti, nimeinama kama wenzangu kwa sababu nilikuwa bado sijajua nani kafa.

Ngoja nianze vizuri, maana nikikasirika huwa naruka maneno.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona mapazia ya hospitali na sare za shule, kazi isiyo na utani wala nakshi. Lakini mara moja kwa mwaka, chuo cha ufundi kikifunga kwa likizo, sisi wapenzi wa bunilizi za kisayansi tunakodi ukumbi wake na kufanya kongamano. Ni watu tunaopenda hadithi za vyombo vya angani na viumbe wa sayari za mbali, na tunakuja tumevaa kabisa. Muuza vipuri anakuwa roboti. Daktari wa meno, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, anajipaka rangi ya kijani mpaka nyuma ya masikio. Majirani zangu wanatuita watu wazima wanaovaa ndoo. Sijawahi kuwajibu, maana asiyekujua hakuthamini.

Huko mimi ni Kamanda. Nilimbuni mwenyewe huku nakanyaga cherehani: kiongozi wa watu wa sayari isiyo na hewa, watu wasiovua helmeti mbele ya wageni na wasiosema kwa midomo. Wanasema kwa mikono. Hiyo lugha ya mikono nayo niliibuni mimi, ishara kwa ishara. Helmeti niliitengeneza kwa kofia kuukuu ya pikipiki, nikaipaka rangi ya fedha, nikaiwekea kioo cheusi. Na kwa kuwa mimi nikishika jambo sishiki nusu, tangu siku ya kwanza sikuivua ndani ya lango la chuo, wala sikutoa sauti. Chai nilikuwa nainywa chooni, komeo nimeshalifunga. Watu walinipenda kwa hilo. Kila mwaka walibahatisha nina sura gani, na kuna mmoja aliyeapa kuwa mimi ni mwanamume tena mwenye ndevu.

Aliyekuwa akinisemea ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume. Yeye alikuwa Mkalimani. Mimi napunga mikono, yeye anawaambia watu nimesema nini, na ana yale maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni. Nyumbani ilikuwa hivyohivyo: mimi nashona huku nasimulia hadithi ya Kamanda, yeye anaiandika kwenye kompyuta yake, na mdogo wangu anatuchemshia chai na kucheka pale pa kucheka. Huyo mdogo wangu nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inakaribia kugusa ardhi, na bado akawa hataki kushuka. Mimi na wifi tulikuwa chanda na pete. Mtu angeniambia nimwogope, ningemcheka usoni.

Kisha chama chetu kikaamua kuchapa kitabu, hadithi moja tu, ile iliyopendwa kuliko zote. Yetu ikachaguliwa. Sharti lilikuwa kwamba hadithi ya watu wawili haiendi mtamboni mpaka wote wawili wakubali, na mimi nikakataa. Haikuwa imeisha. Watu wa Kamanda walikuwa bado wanatafuta pa kutua, na sikutaka kuwaacha wananing'inia angani.

"Wifi, hadithi yako itaisha Kiyama," wifi alisema huku akicheka.

"Basi tutaichapa Kiyama," nikamjibu, nami nikacheka. Nilidhani tumeelewana.

Baada ya hapo mama akapatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalala, ulimi ukawa mzito. Kongamano lilipofika mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani, namwogesha, namlisha uji kwa kijiko. Wifi akaniambia, "Wewe baki na mama, sisi tutakuwakilisha." Wakaenda, wakarudi, wakasema watu wote wamenisalimu, tena sana. Nilifurahi kama mtoto aliyeletewa zawadi. Nilikaa kando ya kitanda nikamsimulia mama salamu zile moja moja, na nani aliyezituma alikuwa amevaa nini.

Mwaka huu mama amepata nafuu. Anasema, anakaa kitini, anagombana na redio. Mama mdogo akajitolea kushinda naye, basi nikamwambia mdogo wangu kwamba safari hii nakuja. Akakuna shingo.

"Dada, si upumzike tu? Kongamano lenyewe siku hizi limepoa."

Wifi naye akadakia, eti ukumbi umekuwa na joto sana. Joto! Mimi niliyekaa ndani ya helmeti miaka yote ile, leo natishiwa joto. Nikasema moyoni nitawashtukiza. Wakatangulia asubuhi na mapema, mimi nikafuata baadaye na helmeti yangu mfukoni, mfuko ule ninaobebea vitambaa.

Langoni mwa chuo nikaivaa. Mlangoni mwa ukumbi alikuwapo roboti, yule muuza vipuri. Nikamfanyia ishara ya salamu, ambayo siku zote hunijibu kwa kuinamisha antena zake. Hakuinamisha. Alinitazama juu mpaka chini.

"Umejitahidi," akasema kwa upole. "Mshono mzuri. Ila Kamanda mwenyewe alikuwa mrefu kidogo. Na ungetuuliza kwanza, ndugu yangu. Wengine kidonda bado kibichi."

Nikajua ni utani wetu ule wa kila mwaka. Nikampiga kikofi begani, nikapita.

Ndani ndipo nilipokuta watu wamesimama kimya, nami nikasimama. Dakika ile ilipokwisha nikainua kichwa, nikaona picha jukwaani, kubwa kama dirisha. Ilikuwa picha yangu, mimi na helmeti yangu, mkono juu, na utepe mweusi umekatiza kwenye pembe.

"Asanteni," mwenyekiti akasema kwenye kipaza sauti. Ule ukijani ulikuwa umeanza kumchuruzika shingoni. "Mungu amlaze pema. Kamanda hatukuijua sura yake wala sauti yake. Lakini mwaka jana ndugu yake aliposimama hapa akatupa habari ya kifo chake, hakuna ambaye hakulia. Leo kitabu chake kimetoka, na wote mnajua ilivyokuwa vigumu kwa familia kukikamilisha."

Mdogo wangu alikuwa ameketi nyuma yake, suti nyeusi, mikono mapajani. Wifi pembeni yake. Mbele yao vitabu vimepangwa, na juu ya jalada lipo jina moja tu, la wifi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo: kwa kumbukumbu ya wifi yangu mpendwa.

Hapo nikaelewa. Marehemu haulizwi kama amekubali. Siku zile mimi namwogesha mama yetu, huyu mtoto alikuwa amesimama pale anawalilia watu kuwa nimekufa, kisha akarudi nyumbani akaniletea salamu zao. Niliumia, na nyuma ya maumivu ikaja hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga. Mimi nguo ndiyo kazi yangu, na bado sikukiona.

Mwenyekiti akakaribisha maswali. Nikaenda mbele, nikasimama chini ya jukwaa, na mikono yangu ikasema, kwa lugha niliyoizaa mwenyewe: Mimi ni mzima. Sijafa. Hawa wanawadanganya.

Ukumbi wote ukamgeukia wifi. Ndivyo walivyozoea, mikono ikisema, wao humtazama Mkalimani. Wifi alikuwa amekauka. Kila ishara aliielewa, maana nilimfundisha mwenyewe, pale mezani kwangu, katikati ya vipande vya mapazia. Kisha akakisogelea kipaza sauti.

"Mpenzi wetu huyu anasema," akaanza kwa ile sauti yake ya asali, "Kamanda yu hai mioyoni mwetu."

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja nyuma yangu akaanza kulia kwa kwikwi.

Nikarudia, kwa nguvu zaidi, mpaka vidole vikaniuma. Nikamwonyesha yeye, nikamwonyesha mdogo wangu, nikajipiga kifua.

"Anasema ataibeba kazi ya Kamanda maisha yake yote," wifi akatafsiri. Safari hii makofi yalikuwa makubwa zaidi.

Basi nikaivua. Niliivua helmeti mbele ya watu wote, nywele zimenilala kwa jasho, nikasema kwa mdomo wangu. "Nisikilizeni. Kamanda ni mimi. Sijafa, nilikuwa namuuguza mama. Huyu ni wifi yangu, na yule pale ni mdogo wangu, tumbo moja."

Watu niliofurahi nao miaka na miaka walinitazama kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake. Hata mmoja wao hakuwahi kuiona sura hii. Hata mmoja hakuwahi kuisikia sauti hii. Nilikuwa nimevificha vizuri mno, na waliovijua walikuwa wawili tu, wako juu, wamekaa kwenye viti vya heshima.

Roboti akanifikia, akanishika kiwiko. "Tafadhali, mama," akaninong'oneza. "Huu ni msiba wa watu."

Mwenyekiti si mtu mbaya. Alimgeukia mdogo wangu mbele ya wote. "Wewe ndiye ndugu wa damu. Mama huyu unamjua?"

Mdogo wangu akaniangalia. Mimi namjua yule mtoto. Akitaka kusema kweli huuma mdomo wa chini, na aliuma. Nikasema moyoni, haya, sema baba, sema tu, nitakusamehe hapahapa wala sitauliza neno. Wifi akaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe.

"Simjui," akasema. "Ila msimtoe vibaya. Labda anaumwa."

Kitambulisho nilikuwa nacho. Ningeweza kukitoa, ningeweza kupiga kelele, ningeweza kumwita lile jina la utotoni ambalo ni mimi na mama tu tunalolijua. Lakini nguvu ziliniisha. Aliyenyonya ziwa nililonyonya amesema hanijui, nami nianze kuwabembeleza wageni waniamini? Roboti akanisindikiza mpaka nje, akanitafutia kiti, akaniletea maji, akanipa pole. Alikuwa mpole kwelikweli, na huo upole wake ndio ulioniliza.

Nilifika nyumbani jua bado lipo. Mama alikuwa kitini kwake karibu na dirisha, mama mdogo anaosha vyombo. Mama akauliza kama kongamano lilikuwa zuri, na kama wenzangu wako salama. Nikasema wako salama. Nikakaa kwenye cherehani, sikushona kitu.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wangu. Nikaipokea, nikamsikiliza akipumua, na nyuma yake watu wanacheka na vikombe vinagongana.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini. "Ilianza kama jambo dogo, nikashindwa kurudi nyuma. Dada, nakuomba usimwambie mama. Hataweza kuhimili. Yetu tutayamaliza wenyewe, sisi si damu moja?"

"Binti yake ulimzika wewe," nikamwambia. "Mpe taarifa wewe."

Nikainuka, nikamwekea mama simu sikioni, upande ule ambao haukulala.

"Haloo," mama akasema, na uso ukamchangamka. "Mwanangu. Haloo. Mbona husemi?"