Ulimi wa Zamda Mtungini

Siku ile mjinga alikuwa Sabiri, na hata leo kwenye kahawa hakatai. Alitoka juani na kiu yake, akafunua mtungi, akachota kata na kugugumia bila kuangalia. Ndani ya kata mlikuwa na ulimi wa mkewe.

Zamda alikuwa ametoka kupigwa mionzi, huko mbali mashine iliko. Saratani imenywea, walimwambia. Kilichoungua ni mdomo. Vidonda vitupu, uji haupiti. Sabiri kwa utani wake alisema, "Vidonda vya mdomo tu, bibie? Wenzio wapagazi wa kale walipita hapa mlangoni na pembe za ndovu mabegani hadi pwani!" Kisha kanga ikaanza kumzunguka Zamda mara mbili, utani ukamkauka. Asubuhi hiyo ulimi ulichoshwa na moto, ukatoka, ukaenda kujilaza kwenye maji ya mtungi. Zamda akaufunika, nzi wasije wakaugusa.

Sasa ulikuwa kinywani mwa Sabiri, umeusukumia wake shavuni, unawaka. Aliogopa kumeza hata mate: ukiteleza, mkewe bubu maisha. Zamda alikuwa jikoni anakunywa uji wa ulezi, bakuli la kwanza tangu arudi. Ladha haisikii, lakini uji unapita.

Sabiri akaenda mbio zahanati, kwa tabibu yule yule aliyemwambia Zamda, "Vumilia mama, ndiyo mionzi hiyo."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ulimi huu si wangu, wa mke wangu."

"Wa nani si hoja, mzee wangu. Unauma?"

"Unaunguza!"

"Maskini, pole sana."

Akafungua kabati, lile lile ambalo Zamda aliliegemea akilia. Lilikuwa limejaa. Akampa dawa ya kusukutua yenye ganzi, akamwambia asukutue na maji ya chumvi pia, aache ndimu na pilipili.

Nyumbani Sabiri alisukutua, moto ukapoa. Akapiga magoti mbele ya mkewe.

"Haya, toka sasa. Rudi kwa mwenyewe."

Zamda akapanua kinywa, akangoja. Ulimi haukutikisika.

"Nakuomba, mama. Unaogopa nini? Chupa hii ikiisha, utakwenda kuomba nyingine."

Ulimi ukajibu kwa sauti ya Zamda, katikati ya meno ya Sabiri:

"Kwa mdomo wa nani?"