Kasha la Tatu

Mvua zilikuwa zimekata reli, kwa hiyo Thobias alitoka Gulwe kwa lori la mahindi. Alipofika Miyuji, arobaini ya rafiki yake Yahaya ilikuwa imekwisha kusomwa na masufuria ya pilau yalikuwa yakisuguliwa uani.

Hakufuata pilau. Mungu amsamehe, alifuata kasha lake.

Tangu biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumwagwa sokoni, ilimchukua miaka tisa kukamilisha makasha manne ya Cornell Hadley, Mmarekani mpiga tarumbeta wa jazi. Kila kasha lilikuwa na santuri sita na kitabu cha picha. La kwanza alilikuta Dodoma mjini chini ya rundo la makoti. La mwisho alilibadilisha kwa baiskeli, na mkewe Hilda akamnunia wiki nzima. Thobias, karani wa stesheni aliyestaafu, hakuwa na kitu kingine cha kujivunia. La tatu alimwazima Yahaya, mpiga chapa wa Bunge, amnakilie kwenye kaseti. Wiki mbili baadaye Yahaya alianguka bafuni, hakuinuka tena.

Siku ya mazishi Thobias aliliona kasha juu ya kabati, nyuma ya kichwa cha mjane. Jeneza lilipokaribia kutolewa, baba mdogo wa marehemu alisimama, kama ilivyo desturi yao, akauliza mara tatu kama kuna mwenye chochote chake kwa marehemu. Thobias alitazama viatu vyake. Kwao Gulwe mtu hadai kitu maiti ikiwa ndani. Akajiambia, atasema arobaini.

"Shikamoo, mzee," akasema sasa, arobaini yenyewe ikiwa imefika.

"Marahaba! Umechelewa, bwana stesheni," baba mdogo alimjibu. "Treni zenu siku hizi zinaogelea?"

Watu wakacheka. Thobias naye akacheka, macho yakiwa juu ya kabati. Palikuwa patupu.

Mwanasha, mjane, akamletea maji. "Shemeji, vitu vyake tumegawa asubuhi. Kanzu, koti, saa. Na zile sahani za muziki."

"Sahani zipi, shemeji?"

"Zile nyeusi za kwenye boksi. Tumetoa moja moja kwa kila nyumba, watu wapate ukumbusho. Hakuna aliyenung'unika."

"Zimekwenda wapi?"

"Mbili Kondoa, moja Babati, moja Manyoni. Nyingine kachukua jirani yetu Evarista, kaitundika mlangoni. Inameta hiyo!"

"Wana gramafoni?"

"Gramafoni ya nini tena?"

Thobias akanywa maji yote. "Na boksi lenyewe?"

"Kuni zilikuwa mbichi, shemeji. Wapishi wamewashia moto, pamoja na kile kitabu chake."

Alifungua kinywa. Neno moja tu lingetosha. Lakini neno hilo lingemfanya Yahaya kuwa mtu aliyezikwa na amana ya mwenzake, na Mwanasha kuwa mwanamke aliyegawa mali isiyo yake. Tena wangemuuliza: ulipoulizwa mara tatu, ulikuwa wapi? Akafunga kinywa.

Baba mdogo akapiga makofi kuwanyamazisha watu. "Rafiki hasahauliki. Tulikuwekea yako."

Ilikuwa santuri ndani ya bahasha yake ya karatasi. Pembeni, kwa wino wa buluu, palikuwa na mwandiko wa Thobias mwenyewe, ule wa vitabu vya stesheni: kasha la tatu, santuri ya nne, T. Mazengo, Gulwe. Mzee hakuwa na miwani. Mwanasha, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amesimama karibu. Aliutazama mwandiko ule, akamtazama Thobias, kisha akainama kuokota bilauri na kuelekea uani upesi.

"Haya, toa neno," mzee akasema.

Thobias aliipokea kwa mikono miwili. Watu wote walikuwa wakimwangalia.

"Mmegawa vizuri," akasema.