Sauti Imekwenda Maktaba

Jumanne moja ya mwezi Machi, Mzee Hosea alikuwa dukani Itigi akiagiza misumari ya inchi tatu, nusu kilo. Alipofika kwenye "nusu" sauti ikamwisha. Mdomo uliendelea, ulimi ulikuwa mahali pake, ila hakikutoka kitu. Mwenye duka akasubiri, kisha akapima kwa kukisia, akafunga misumari kwenye gazeti. Baada ya dakika sita sauti ikarudi. Mzee akashukuru, akaenda zake.

Ilikuwa wiki ileile ambayo chuo kimoja mjini Singida kilizindua akili mnemba katika maktaba yake. Mwanafunzi anaketi, anaandika swali la utafiti, na mashine inapekua tafiti za dunia nzima na kumjibu kabla hajameza mate. Keki ilikatwa. Mgeni rasmi alisema maarifa sasa yamewafikia wananchi. Yalikuwa yametoka kwa nani, hilo hakulisema.

Ritha, mjukuu wa Mzee Hosea, alikuwa mwaka wa tatu chuoni hapo. Alipouliza habari za ufugaji nyuki wa Itigi, jibu likaja kwenye skrini, na pamoja nalo sauti ikatoka kwenye spika. Ilikuwa nzito, yenye kukwama kidogo katikati ya sentensi, sauti ya mtu aliyevuta moshi wa kurinia asali kwa miaka sitini. Ilieleza mzinga wa gogo unachongwa kwa mti gani, unatundikwa urefu gani, na kwa nini mdomo wake haupaswi kutazama upepo. Chini yake paliandikwa jina la mtafiti wa Kizungu na mwaka 1998.

Ritha akapiga simu nyumbani. Mama yake, Damari, akapokea.

"Mama, Babu yupo?"

"Yupo. Sauti ndiyo haipo, imetoka sasa hivi."

"Iko huku maktaba."

"Basi maliza upesi. Alikuwa anamfokea mbuzi."

Kufika Mei nyumba nzima ilikwishazoea. Siku za kazi mzee alikuwa bubu tangu asubuhi, Jumamosi jioni akaongea mfululizo. Kanisani alipangiwa kuongoza sala wakati wa likizo za chuo.

Mtafiti yule wapo wanaomkumbuka. Alikuja na gari jeupe na kinasa sauti cha kaseti, akala ugali wa Mzee Hosea siku tisa. Siku ya mwisho, wakiwa ndani ya kichaka cha kaskazini, akanyoosha kidole juu na kuuliza mizinga ile ni ya nani. Sasa, warina asali wa upande ule hawasemi "yangu" wakiwa chini ya mzinga. Nyuki wakisikia wamefanywa mali ya mtu, wanahama. Aliyelelewa pale akitaka kujua mwenye mzinga huuliza nyumbani, watu wakishakula. Hosea akajibu alivyofundishwa na baba yake: "Haina mwenyewe. Ni ya nyuki." Mtafiti akaandika. Aliahidi kurudi na kitabu. Barabara imewekwa lami, nguzo za umeme zimesimama, kitabu bado kiko njiani.

Mwezi Juni tangazo lilibandikwa ofisi ya kata. Kichaka cha upande wa kaskazini kingefungwa kiwe hifadhi. Mwenye mizinga humo afike mbele ya kamati Alhamisi ya tarehe kumi na mbili, ajieleze kwa kinywa chake mwenyewe au alete ushahidi uliochapishwa. Akishindwa, aishushe ndani ya siku thelathini. Mzee Hosea alikuwa na mizinga hamsini na miwili humo. Kumi na tisa ilitundikwa na baba yake kabla watu hawajahamishiwa vijijini mwaka sabini na nne, na hata waliowahamisha wakati ule hawakuigusa. Nyumba ile haikuwa na shamba jingine.

Tarehe hiyo iliangukia wiki ya mitihani. Ritha akamwendea mkutubi, Chrispin.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kitambulisho?"

"Naomba mtuzimie mashine Alhamisi, kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Babu ana shauri, na sauti yake imo humo."

"Naifahamu," alisema Chrispin. "Sauti nzuri, wanafunzi wanaipenda. Ila kitufe cha kuzimia hakipo hapa, binti. Hata kipo nchi gani sijui. Mimi nimepewa cha kuwashia tu."

"Basi niandikie barua kwamba sauti ni yake."

"Sauti siyo rejea. Rejea ina mwandishi, mwaka na mchapishaji. Babu yako amechapisha nini?"

"Mizinga hamsini na miwili."

"Hiyo siyo," alisema Chrispin, akamrudishia kitambulisho.

Alhamisi ofisi ya kata ilijaa, na Ritha, ambaye siku hiyo hakuwa na mtihani, alikuwepo. Mwenyekiti wa kamati, Sostenes, alimwamkia Mzee Hosea shikamoo na kumpa kiti chenye mto. Zamu yake ilipofika mzee alisimama, akafungua mdomo.

"Mwenyekiti," alisema Ritha, "Babu sauti imemtoka, iko chuoni kwenye mitihani. Naomba nimsemee."

"Wewe una mizinga?"

"Sina."

"Keti, mwanangu."

Sostenes alisema kamati haimhukumu mtu bila kumsikiliza, huo ulikuwa uonevu wa zamani. Akatoa simu, akaiweka katikati ya meza, akaiuliza akili mnemba ya chuo mizinga ya kichaka cha kaskazini ni ya nani.

"Haina mwenyewe," ilisema sauti ya Mzee Hosea, ikakwama kidogo. "Ni ya nyuki."

Kila aliyekuwemo aliitambua. Wengine walitikisa vichwa kwa furaha, kwa kuwa walikuwa hawajamsikia mzee tangu Jumapili. Mzee mwenyewe alipiga meza kwa ngumi, mara tatu.

"Na hiyo ya meza niandike?" aliuliza Agnes, katibu.

"Kupiga meza siyo maelezo."

Agnes akaandika kwamba Mzee Hosea amesikilizwa kwa sauti yake mwenyewe, na hadai umiliki. Mzee aliikataa kalamu. Mwenyekiti alisema hakuna tatizo, sauti inatosha.

Sauti ilirudi saa kumi na moja, kamati ikiwa imeshaondoka. Nyumbani, baada ya kula, mzee alieleza yote: majina ya miti, jina la baba yake, mzinga gani ulianza kujaa mwaka gani.

"Mmesikia?"

"Tumesikia, Baba," alisema Damari. "Kamba tunazo ngapi?"

Zilikuwa mbili, wakaazima nyingine tatu. Siku ya thelathini mzinga wa mwisho ulifika uani kwa baiskeli. Mzee Hosea alitaka kusema uwekwe wapi, lakini mwanafunzi fulani mjini alikuwa anauliza jinsi ya kutundika mizinga, na Damari akasimama na mzinga mikononi akisubiri amalize.