Droo Ndani ya Kabati

Mimi shule niliiacha mapema, randa ndiyo iliyonisomesha. Kwa hiyo nikisema nimeweka kompyuta ndani ya kompyuta, msicheke kwanza, ngojeni nimalize.

Mjukuu wangu, huyu wa kike ninayemwita mke wangu, anachora ramani za nyumba. Kompyuta yake kubwa, inayotumia mfumo wa Linux, iko chumba cha nyuma cha karakana yangu, maana kwa mama yake anakoishi hakuna nafasi. Sasa ana mimba ya miezi saba, na daktari kamwambia alale tu, asinyanyue hata ndoo. Wiki hiyohiyo mkandarasi mmoja akamwambia: ramani za shule zikinifikia Ijumaa, kazi ya mwaka mzima ni yako. Ila uchore kwa programu yetu. Na programu yenyewe Linux haiitaki, inataka Windows.

Jumatatu akanipigia. "Mume wangu, leo wewe ndiye mikono yangu."

"Mikono ninayo. Macho ndiyo ya kuazima."

Akanieleza. Ndani ya kompyuta ya kweli unatengeneza nyingine, isiyoshikika, hiyo ndiyo inayoendesha Windows. Nikasema basi ni droo ndani ya kabati. Akasema hivyohivyo, babu. Programu za kufanyia kazi hiyo alikuwa nazo mbili. Moja rahisi, kila mtu anaijua, lakini inapachikwa kutoka nje. Nyingine, KVM, imo ndani ya Linux yenyewe, inakwenda mbio, ila kuipanga kuna jasho.

"Droo ya misumari sijamtengenezea mtu," nikamwambia. "Chukua iliyochongwa kwenye mbao yenyewe."

Akacheka. Nadhani alishaamua, alitaka tu kunishirikisha.

Jasho likaja kweli. Mashine ilikuwa imefungiwa uwezo huo tangu kiwandani, ikabidi niwahi kubonyeza kitufe kabla Linux haijaamka. Bibi yenu ndiye aliyenisomea maandishi. "Bonyeza, mzee. Hupigilii msumari."

Ikabaki njia ya yeye kuingia kwenye kompyuta akiwa kwa mama yake, nazo zilikuwa mbili. Moja inapitia kampuni ya watu, nyepesi. Nyingine, SSH, ufunguo anakaa nao yeye mwenyewe kwenye laptop yake. Nikamwambia, mlango wangu ufunguo haulali kwa jirani. Akaipanga hiyo.

Jumanne akaanza kuchora, kalala kitandani kule. Huku kwangu mistari inajichora yenyewe kwenye kioo, bibi yenu akatazama mpaka chai ikapoa.

Sasa nisikilizeni. Karakana yangu ya kwanza iliungua, waya mbovu na vumbi la mbao. Tangu hapo, miaka arobaini, sifungi mlango kabla sijazima swichi kubwa. Jioni ile mkono ukaenda wenyewe. Nimefika nyumbani, simu inaita.

"Babu, umezima?"

Nikakiri. Saa tatu za kuchora zilikuwa zimepotea. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

"Iache isizimwe, basi," akasema taratibu.

"Siwezi, mama. Nikiacha umeme kwenye mashine za mbao sitalala."

Asubuhi na mapema nikamwita fundi umeme. Chumba cha nyuma kikapata waya wake mpya na swichi yake, isiyopitia ile kubwa, mbali na vumbi. Swichi hiyo mpya nikaichongea kisanduku chenye kifuniko, mkono ukipitiwa ukutane na mbao kwanza. Mjukuu naye akaniongoza tena kwenye ile mipangilio ya mwanzo, tukaiagiza kompyuta ijiwashe kila umeme ukirudi. Akazirudia zile saa tatu kwa saa mbili. Eti safari hii mkono ulishaijua njia.

Ijumaa mchana akazituma ramani za shule. Jioni, nafagia maranda, akapiga. "Kazi nimeipata, leo hii naanza ramani za zahanati, mume wangu. Mkandarasi kaniuliza kama nina ofisi kubwa."

"Umemjibu nini?"

"Nimesema ipo, na mlinzi wake mkali."

Nikazima swichi kubwa, randa na misumeno kimya. Nikatega sikio kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Kompyuta inanguruma polepole.

"Twende," bibi yenu akasema. "Mke mwenzangu bado yuko kazini."